Jinsi Mashine Zilivyosomeshwa Alifu na Bee

Mwaka 1987, katika maktaba ya watawa wa Kifransisko kwenye kisiwa cha San Michele, Venice, mtafiti wa Kiitalia Angela Nuovo alikuta kitabu ambacho wanazuoni walikuwa wakikitaja kwa karne nyingi bila kukiona. Ilikuwa Kurani nzima ya Kiarabu, iliyopigwa chapa na Paganino Paganini na mwanawe Alessandro karibu na mwaka 1537. Wengi walikwisha amini kwamba nakala zote ziliteketea. Mtu aliyepita chuoni akiifungua, hatafika mbali kabla ya kukunja uso: dali na dhali zimechanganywa, na makosa mengine ya herufi yametapakaa kurasa kwa kurasa. Inaelekea akina Paganini walikusudia kuwauzia wasomaji wa dola ya Uthmaniya. Ni vigumu kumfikiria Mwislamu ambaye angetoa fedha yake kwa kitabu kile.

Hawakuwa wachapaji wabovu. Nyumba hiyohiyo ndiyo iliyotoa vitabu vya hesabu vya Luca Pacioli mwaka 1494 na 1509, navyo vikapata jina Ulaya nzima. Kilichowashinda ni mwandiko usioingia katika vifaa vyao. Na kilichowashinda wao kikaja kuwashinda watengenezaji wa taipureta, kisha wa kompyuta, kisha wa simu za mkononi. Kila kizazi cha mafundi kilianza na dhana zilezile, kikakwama palepale.

Mwandiko usiokaa kisandukuni

Ufundi wa Gutenberg, ulioanza Mainz katika miaka ya 1450, umesimama juu ya mambo matatu ambayo msomaji wa Kilatini haoni hata haja ya kuyataja. Kila herufi ina umbo lake, nalo halibadiliki kwa sababu ya jirani. Kila umbo hukaa ndani ya kipande chake cha risasi. Vipande hupangwa safu moja, kutoka kushoto kwenda kulia.

Kiarabu hakikubali hata moja kati ya hayo. Itazame herufi he. Ikisimama peke yake huandikwa ه, neno likianza nayo ni هـ, ikiwa katikati ni ـهـ, na mwishoni ni ـه. Asiyejua kusoma angeapa kuwa hizo ni herufi nne. Herufi sita, yaani alifu, dali, dhali, re, ze na wau, hushikana na inayotangulia lakini haziishiki inayofuata, hivyo neno moja huweza kukatika mara mbili tatu na bado likawa neno moja. Lamu ikifuatwa na alifu, mbili hizo huzaa umbo jingine, لا, ambalo ni lazima, si pambo. Juu na chini ya yote hayo kuna nukta na irabu, na kila moja ina mahali pake kulingana na herufi inayoibeba. Mstari huanza kulia, lakini tarakimu ndani yake husomwa kutoka kushoto.

Kihindi huandikwa kwa hati ya Devanagari, nayo ina mambo yake. Mstari unaanza kushoto, ila irabu huwekwa juu, chini, mbele au nyuma ya konsonanti. Irabu fupi ya “i” hutamkwa baada ya konsonanti lakini huandikwa kabla yake. Katika neno हिन्दी, yaani Hindi, ulimi unaanza na “h”, ilhali jicho linakutana kwanza na alama ya “i”. Humohumo “n” na “d” zimeshonwa pamoja zikawa umbo moja, न्द. Na “r” ikitangulia konsonanti nyingine hupanda juu yake: katika धर्म, dharma, ile ndoano ndogo iliyo juu ya “m” ndiyo “r” yenyewe.

Maelfu ya watoto hujifunza haya kwa miezi michache, kwa ubao na fimbo ya mwalimu. Mashine ilichukua karne tano.

Risasi, mawe na vitufe

Wachapaji wa mwanzo walijaribu kutatua shida kwa wingi wa vipande. Huko Roma, Robert Granjon, bingwa wa kuchonga herufi kutoka Ufaransa, alifanya kazi katika miaka ya 1580 kwa kiwanda cha akina Medici, na Injili za Kiarabu zilizotoka humo mwaka 1591 bado zinapendeza macho. Istanbul, Ibrahim Müteferrika alipata ruhusa ya Sultani mwaka 1727 na kutoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1729. Kiwanda cha Bulaq mjini Cairo kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1820 chini ya Muhammad Ali Pasha. Kote huko, mahali ambapo mpanga herufi wa Kilatini alikuwa na kasha la vipande takriban mia, mwenzake wa Kiarabu alihitaji mamia kadhaa, na ilimpasa awe mjuzi wa khati kabla ya kuwa mpanga chapa.

Bengal hadithi ilikuwa ileile. Mwaka 1778, Charles Wilkins wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki alichapa mjini Hooghly kitabu cha sarufi ya Kibengali kilichoandikwa na Nathaniel Halhed. Jina la Wilkins ndilo lililobebwa na historia, lakini aliyefanya naye kazi ya kuchonga zile herufi alikuwa fundi wa vyuma aliyeitwa Panchanan Karmakar.

Mara nyingi husemwa kwamba Waislamu walichelewa kuikubali chapa kwa sababu ya dini. Sababu hiyo pekee haielezi kilichotokea baada ya Alois Senefelder kuvumbua chapa ya mawe huko Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18. Kwa njia hiyo katibu aliandika kwa mkono wake, na jiwe likatoa nakala ya mwandiko wake kama ulivyo. Iran, India na Morocco ziliipokea kwa mikono miwili katika karne ya 19. Dini ilikuwa ileile, kilichobadilika ni kwamba sasa ukurasa ulisomeka. Wimbi la vitabu vya Kiarabu vya chapa lilifika hata pwani yetu: Sayyid Barghash alianzisha kiwanda chake cha chapa Unguja karibu na mwaka 1880, kikatoa vitabu vya wanazuoni wa Kiibadhi.

Taipureta ilirudisha shida upya, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu idadi ya vitufe ina mwisho. Selim Haddad, msanii mwenye asili ya Syria aliyeishi Marekani, alipata hataza ya taipureta ya Kiarabu mwaka 1899. Njia yake ilikuwa ya kupunguza: kama maumbo manne hayaenei, mawili yatosheleze. Mashine za Linotype, zilizomwaga mstari mzima wa risasi kwa mpigo, zilikuwa na vitufe 90, na hapo napo ilibidi kukata. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Kamel Mrowa, mhariri wa gazeti la Al-Hayat la Beirut, alishirikiana na watu wa Linotype wa Uingereza kutoa kile walichokiita Kiarabu Rahisi. Umbo la mwanzo na la kati yakafanywa moja, la mwisho na la peke yake yakafanywa moja. Kasi ya kupanga gazeti ilipanda, na magazeti mengi ya Kiarabu yakaifuata njia hiyo.

Wengine walitaka kwenda mbali zaidi. Uturuki ilikwisha hamia herufi za Kilatini mwaka 1928. Katika miaka ya 1940, mwanasheria wa Misri Abdulaziz Fahmi aliipelekea Akademia ya Lugha ya Kiarabu mjini Cairo pendekezo kwamba Kiarabu nacho kiandikwe kwa herufi za Kilatini, na Nasri Khattar, msanifu majengo wa Lebanon, akabuni herufi zenye umbo moja moja zisizoshikana. Yote mawili yalikataliwa. Lakini fikra iliyokuwa chini yake ilienea sana miaka ile: kwamba kasoro iko katika mwandiko. Ni kama fundi cherehani aliyekosea vipimo, kisha akamtaka mteja apunguze mabega.

Namba ya herufi au namba ya umbo

Msimbo wa ASCII ulitolewa Marekani mwaka 1963, ukiwa na nafasi 128. Herufi za Kiingereza, tarakimu na alama za uandishi zilitosha humo, pamoja na amri za mashine. Lugha zisizotosheka na herufi hizo zilibaki mlangoni. Kompyuta zilipoanza kutumia nafasi 256, kila nchi ilichukua ile nusu ya pili na kuweka humo mwandiko wake.

Hapo ndipo swali kubwa lilipoulizwa, na majibu yakawa mawili. Jibu la kwanza: ipe namba kila sura ya herufi. He ya mwanzo namba yake, he ya mwisho namba yake. Ukurasa wa misimbo uitwao 864, uliotumika kwenye kompyuta za DOS, ulifanya hivyo. Ni rahisi kwa skrini, ila ni balaa kwa kila kitu kingine: ukitafuta neno hulipati kama limeandikwa kwa maumbo tofauti, ukipanga majina kwa alfabeti yanavurugika, na ukifuta herufi moja unaharibu jirani zake wawili.

Jibu la pili lilitoka kwa Waarabu wenyewe. Shirika la Viwango la Nchi za Kiarabu, ASMO, lilipitisha misimbo ambamo kila herufi ina namba moja tu, na maandishi huhifadhiwa kwa mpangilio wa kusoma. Umbo gani lichorwe, hilo mashine italiamua yenyewe kwa kuangalia majirani. Mwaka 1987 mmoja kati ya misimbo hiyo ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 8859-6. Ni uamuzi unaoonekana mdogo, nao ndio uliofungua njia. Hapo herufi ilitenganishwa na sura yake.

Kuwait, miaka hiyohiyo, Muhammad Al-Sharekh alikuwa amekwisha anzisha kampuni ya Sakhr, iliyouza kompyuta za nyumbani zilizosoma na kuandika Kiarabu bila kuomba radhi. Watoto wengi wa Ghuba waligusa kompyuta kwa mara ya kwanza kupitia mashine hizo.

India nayo ilifuata njia ya busara. Mwaka 1988, na tena mwaka 1991, ilitoa msimbo uitwao ISCII, ambamo “ka” ya Kihindi, ya Kibengali na ya Kitelugu zote zina nafasi moja, kwa kuwa hati hizo ni za ukoo mmoja na mpangilio wake wa sauti ni mmoja. Kituo cha C-DAC mjini Pune kiliuza kadi za kompyuta zilizojua kuzichora.

Lakini mtaani mambo yalikwenda vingine. Kadi ziligharimu fedha, na wapiga chapa wa Kihindi walikwisha zoea vitufe vya taipureta ya Remington. Zikaja fonti kama Kruti Dev. Ujanja wake ni huu: kompyuta inaamini inaandika Kiingereza, ila mahali pa umbo la “f” fonti imechora alama ya irabu ya “i”, mahali pa “g” imechora “ha”, na kadhalika. Mpiga chapa akitaka neno हिन्दी hubonyeza fgUnh. Kwenye karatasi linatoka barabara, hata ile irabu inayotangulia imekaa mahali pake, kwa sababu ameibonyeza ya kwanza. Mtumie mtu faili hilo kwa kompyuta isiyo na fonti ile, naye anaona fgUnh na mamia ya maneno ya namna hiyo. Magazeti ya Kihindi yalipoingia kwenye intaneti, kila moja lilikuja na fonti yake, na msomaji alitakiwa aipakue kwanza. Mitambo ya kutafuta haikuweza kupata chochote humo. Ofisi nyingi za India zimebaki na nyaraka za namna hiyo hadi leo, na mitihani ya kupiga chapa ya Kruti Dev bado inafanywa.

Pakistan ilikuwa na mzigo mzito kuliko wote. Kiurdu huandikwa kwa khati ya nastaliki, ambayo maneno yake huteremka kwa mshazari, na sura ya herufi moja huweza kutegemea herufi tatu nne zinazofuata. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, magazeti ya Kiurdu yaliandikwa kwa mkono na makatibu, ukurasa mzima, kila siku. Mtaalamu wa khati, Ahmed Mirza Jamil, aliamua kutogawanya herufi kabisa. Alichora vipande vya maneno vikiwa vimekwisha shikana, karibu 20,000, na kampuni ya Monotype ikaviingiza katika mashine yake. Mwaka 1981 gazeti la Jang la Lahore likaanza kutoka kwa kompyuta.

Unicode na deni lake

Joseph Becker alikuwa mtaalamu wa kampuni ya Xerox, California. Mwaka 1984 aliandika makala katika jarida la Scientific American akionyesha kwamba kompyuta moja inaweza kuandika Kiarabu, Kijapani na Kiingereza katika ukurasa mmoja, mradi ikubali kwamba maandishi yaliyohifadhiwa na maandishi yanayoonekana ni vitu viwili. Mwaka 1988 alitoa rasimu ya msimbo mmoja wa hati zote za dunia, akauita Unicode. Alishirikiana na Lee Collins na Mark Davis, na Davis huyo alikuwa amekwisha iandikia Macintosh mfumo wake wa Kiarabu. Muungano wa Unicode uliandikishwa Januari 1991, na toleo la kwanza likatoka mwaka huohuo.

Kwa Devanagari, Unicode iliufuata mpangilio wa ISCII. Kwa Kiarabu ilishika kanuni ya herufi moja, namba moja. Hata hivyo ililazimika kubeba deni la zamani: ili mafaili yaliyotumia namba za maumbo yasipotee, mamia ya maumbo hayo yaliingizwa katika eneo la pembeni. Humo mna “Bismillahi Rahmani Rahim” nzima kama herufi moja, na “salla Llahu alayhi wa sallam” kama nyingine. Mpaka sasa wako watengenezaji wa programu wanaoyachota maumbo hayo kwa njia ya mkato, na kazi zao huharibika mtumiaji anapotafuta neno.

Suala la mwelekeo lilipata kanuni zake ndefu. Fikiria mstari wa Kiarabu wenye jina la kampuni ya Kiingereza, namba ya simu, na mabano. Kiarabu kinakwenda kushoto, jina linakwenda kulia, namba nayo kulia, na mabano lazima yageuke ili la kufungua liendelee kufungua. Kanuni za Unicode humpa kila mmoja tabia yake na kuamua nani atangulie. Hufanya kazi vizuri, ila anayehariri mstari wa namna hiyo huona kishale kikiruka kutoka upande huu hadi ule, na alama ya nukta ya mwisho ikihamia mahali asipoitaka.

Nani atachora?

Namba zilipopatikana, ilibaki kazi ya kuumba sura. Mwaka 1996 Microsoft na Adobe walitangaza mfumo wa fonti uitwao OpenType. Fonti haikuwa tena mkoba wa picha tu. Sasa ilibeba maagizo: he ikiwa mwanzoni tumia umbo hili, lamu ikikutana na alifu, ziondoe zote mbili uweke hili, fataha juu ya bee ikae hapa, juu ya kafu ikae pale. Ilihitajika programu ya kuyasoma maagizo hayo na kuyatekeleza. Ya Microsoft iliitwa Uniscribe, nayo ilienea mwaka 1999 na 2000 pamoja na Internet Explorer 5 na Windows 2000.

Windows XP ilipotoka mwaka 2001, uwezo huo ulikuwemo ndani yake, ila katika nakala nyingi ulikuwa umezimwa. Ilibidi mtu aingie katika mipangilio ya lugha na maeneo, afungue ukurasa wa lugha, kisha atie alama kwenye kisanduku kilichosema kuwa kitaweka mafaili ya hati changamano na ya lugha zinazoandikwa kutoka kulia, Kithai kikiwemo. Mashine ilidai CD yake ya Windows, kisha iwashwe upya. Kwenye mkahawa wa intaneti ambako CD haikuwepo, habari iliishia hapo. Msomaji wa Kihindi aliona irabu ya “i” imekaa baada ya konsonanti badala ya kabla yake, na konsonanti ambazo zingeshonwa zimeachana, alama ya kukata sauti ikining’inia katikati.

Upande wa programu huria, Owen Taylor wa Red Hat na wenzake walianza Pango mnamo mwaka 1999, kazi yake ikiwa kupanga maandishi ya kila hati kwenye Linux. Ndani ya juhudi hizo ndimo ilimokulia HarfBuzz, programu inayofanya kazi kama ile ya Uniscribe. Behdad Esfahbod, Mwirani aliyehamia Kanada, ndiye aliyeongoza kuiandika upya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000. Leo Firefox, Chrome, Android na LibreOffice zote huitumia. Ukisoma Kiarabu kwenye simu ya Android, kuna uwezekano mkubwa kwamba kila herufi imepita mikononi mwa programu hiyo kabla ya kukufikia.

Simu hazikuanza na neema hiyo. Android za mwanzo zilionyesha Kihindi kama safu ya visanduku vitupu, au herufi zilizopangwa ovyo, na Kiarabu kikatoka kimekatikakatika. Ni hadi toleo la 4.1 la mwaka 2012 ndipo hali ilipoanza kutengemaa. Kwa miaka hiyo, mamilioni ya vijana waliandikiana Kiarabu kwa herufi za Kilatini, wakitumia 3 mahali pa aini na 7 mahali pa ha, na Wahindi wakafanya vivyo hivyo kwa lugha yao.

Programu za kubuni picha nazo zilichelewa. Kwa muda mrefu Photoshop ya kawaida haikujua Kiarabu, toleo la Mashariki ya Kati liliuzwa peke yake. Mbunifu asiyesoma Kiarabu aliletewa sentensi iliyo sahihi, akaibandika, ikageuka: herufi zimeachana, na neno linaanza kushoto. Yeye hakuona tofauti. Ndiyo maana mabango ya “karibuni” kwenye viwanja vya ndege, hospitali na maonyesho huko Ulaya na Marekani yamekuwa yakichapwa kinyumenyume, baadhi yake kwa fedha nyingi.

Hata pale ufundi ulipokomaa, ugumu ulibaki umejificha. Agosti 2013 iligunduliwa kwamba mfuatano fulani wa herufi za Kiarabu uliweza kuzifunga programu kwenye iPhone na kompyuta za Mac. Mei 2015 ujumbe mmoja mfupi, uliochanganya Kiingereza, Kiarabu chenye irabu nyingi na alama ya Devanagari, ulizima iPhone za watu pindi ulipotokea kwenye skrini iliyofungwa. Shida ilizuka pale simu ilipojaribu kuukata ujumbe ili utoshe kwenye tangazo. Februari 2018 ikawa zamu ya Kitelugu: silabi moja tu, జ్ఞా, ikiandikwa kwa mfuatano fulani wa herufi, ilitosha kuangusha programu iliyoipokea, na Apple ikatoa toleo la 11.2.6 la mfumo wa iPhone kurekebisha kasoro hiyo. Silabi hiyo ni ya kila siku kwa msemaji wa Kitelugu, lugha yenye wasemaji makumi ya mamilioni.

Ufundi ukifika mwisho wake unaweza kufanya makubwa. Thomas Milo na wenzake wa DecoType, Uholanzi, walianza katika miaka ya 1980 kuichunguza khati kama anavyoichunguza katibu: mchoro mmoja wa kalamu baada ya mwingine, badala ya kipande kwa kipande. Kazi hiyo iliwafikisha Oman, ambako kwa ushirikiano na Wizara ya Wakfu na Mambo ya Dini walitoa Mushaf Muscat, Kurani ya kwenye intaneti ambayo kila neno lake ni maandishi halisi yanayoweza kutafutwa, na bado linaonekana kama lililoandikwa kwa kalamu ya mwanzi.

Hati yetu ya kale

Msomaji wa Kiswahili asidhani haya ni ya majirani. Zipo barua za Kiswahili za mwaka 1711 kutoka Kilwa, zilizohifadhiwa Goa, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tendi za Pate na Lamu na mashairi ya Muyaka wa Mombasa yote yalipita katika hati hiyo kabla ya wamishenari kama Edward Steere, na baadaye serikali za kikoloni, kuzipa herufi za Kilatini nafasi ya kwanza.

Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, Kiswahili kina irabu tano. Katika miswada mingi kasra moja ilisomwa “i” au “e”, dhumma moja “u” au “o”, na bee ikasimama pia kwa “p” na “mb”. Msomaji aliyeijua lugha alijaza mwenyewe. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, katika karne ya 19, alitia alama za ziada ili kupunguza utata huo, na mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar pamoja na P. J. L. Frankl walitoa pendekezo lililopangwa vizuri la namna ya kuandika Kiswahili kwa hati hiyo, “p” ikawa پ na “ch” ikawa چ.

Herufi hizo zimo katika Unicode, zikiwa zimeingia humo kwa ajili ya lugha kama Kiajemi na Kiurdu. Lakini namba kuwepo ni jambo moja na fonti kuichora ni jingine. Fonti nyingi za Kiarabu zimetengenezwa kwa ajili ya Kiarabu peke yake. Ukiandika irabu isiyo ya kawaida juu ya herufi isiyo ya kawaida, alama huelea mbali, au hukaa juu ya duara la nukta, ambayo ni ishara ya mashine kwamba haijui iiweke wapi. Kevin Donnelly alitengeneza zana aliyoiita Andika!, inayogeuza Kiswahili cha Kilatini kuwa cha Kiarabu na kinyume chake, na sehemu kubwa ya kazi ya namna hiyo ni kuchagua herufi na fonti zitakazokubaliana.

Miswada iliyoko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ile ya SOAS mjini London ambayo mingi imepigwa picha, inasubiri kuingizwa kwenye kompyuta kama maandishi. Picha ya utenzi huweza kutazamwa. Haiwezi kuulizwa neno fulani limetumika mara ngapi, wala kulinganishwa na nakala nyingine kwa mpigo mmoja. Ili hayo yawezekane, beti zinapaswa kuchapwa kama herufi, katika hati yake, na zionekane sawasawa kwenye kompyuta ya mwanafunzi wa Mombasa na ya mwalimu wa Muscat.

Vijana wanaoandika programu Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wameikuta kazi ngumu imekwisha fanywa na wengine. Lililobaki kwao si gumu: wahifadhi herufi, wasihifadhi maumbo; wauache uchoraji kwa injini iliyofundishwa; wasikate ujumbe kwa kuhesabu herufi bila kujua neno linaishia wapi; wasigeuze Kiarabu kwa mkono ili “kionekane vizuri” kwenye risiti au kwenye PDF. Na kabla ya kuitoa programu, wamwite mtu anayeisoma hati hiyo aitazame skrini. Karibu kila hatua ya mbele katika historia hii ina mtu wa namna hiyo ndani yake, awe Karmakar na tindo yake, Mrowa na gazeti lake, au Esfahbod na kompyuta yake. Na karibu kila aibu, kuanzia kitabu cha Venice hadi mabango ya viwanja vya ndege, ilipita mikononi mwa watu wengi hodari ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kuisoma hati yenyewe.